Studio ya nyumbani: mashine hushuka bei, haki hubaki

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei za korosho, saruji, hisa na dola. Wiki hii tunaingia katika biashara ambayo haina ghala wala mzani, bali ina chumba kimoja cha uani, kompyuta, spika mbili na kijana anayeomba mtaji. Ni biashara ya studio ya nyumbani ya muziki wa elektroniki, yaani muziki unaotengenezwa kwa mashine na kompyuta badala ya bendi kamili ya wapigaji.

Ombi hili sasa linawafikia wafanyabiashara wengi. Linamfikia shangazi mwenye duka la kanga, mjomba mwenye lori na wanachama wa VICOBA wanaotafuta pa kuweka akiba yao. Wapo wanaolikataa papo hapo kwa kuwa kwao muziki bado ni uhuni. Wapo pia wanaotoa fedha zote kwa mkupuo mmoja kwa kuwa wamesikia habari za wasanii wenye majumba na magari. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanakosea hesabu, na kosa ni lilelile: wote wanadhani mali ya studio ni mashine zake.

Sivyo. Katika biashara hii mashine ni gharama inayoyeyuka, kama tairi la gari. Mali yenyewe ni kazi iliyotengenezwa na haki ya kuimiliki. Anayelielewa hilo ataweka fedha kidogo katika mashine, ataziweka kwa awamu, na atakuwa mkali kama mhasibu pale linapokuja suala la karatasi. Asiyelielewa atabaki na chumba kilichojaa vyombo vilivyopitwa na wakati, na deni.

BEI YA MASHINE ILIVYOANGUKA

Tuanze na historia ya bei, maana soko hili limekwisha kutufundisha. Mwaka 1980 mashine ya ngoma iitwayo LM-1, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn, iliuzwa dola 4,995. Mwaka huohuo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine yake, TR-808, kwa dola 1,195. Mwaka uliofuata ikaja TB-303, kisanduku kidogo cha kutoa sauti ya besi, kilichouzwa dola 395. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa kawaida, hata Marekani.

Wanunuzi wa wakati ule hawakuvutiwa sana. TR-808 iliachwa kutengenezwa mwaka 1983 na TB-303 mwaka 1984. Mashine hizo zikaingia katika soko la mitumba kwa bei ya chini, na hapo ndipo vijana wa Chicago wasio na mtaji walipozichukua. Kundi la Phuture lilitumia TB-303 ya mitumba kutengeneza wimbo wa "Acid Tracks" uliotoka mwaka 1987, ukazaa mtindo mzima wa muziki wa dansi uliosambaa hadi Ulaya. Chombo kilichokuwa kimeshindwa sokoni kikawaletea umaarufu watu waliokipata kwa bei ya mtumba.

Atatokea msomaji wa kusema kwamba leo TB-303 ya asili huuzwa kwa maelfu ya dola, hivyo mashine nazo ni kitega uchumi. Ni kweli kwa mashine hiyo. Lakini kwa kila chombo kilichopanda namna hiyo vipo vingi vilivyoishia stoo, na hakuna aliyejua mwaka 1984 kipi kitapanda. Huo si uwekezaji bali ni bahati nasibu. Aidha, sauti yenyewe imezidi kuwa rahisi. Mwaka 1997 kampuni ya Propellerhead ya Sweden ilitoa programu ya ReBirth iliyoiga TB-303 na TR-808 ndani ya kompyuta. Mwaka 2019 kampuni ya Behringer ilitoa nakala ya TB-303 kwa karibu dola 150. Kwa hiyo aliyeweka fedha zake kwenye kisanduku cha kukumbukia zamani huenda akapata faida, lakini anayetaka sauti tu hana sababu ya kulipa maelfu.

Lipo somo lingine katika miaka hiyo. Mwaka 1983 ulizinduliwa utaratibu wa MIDI, unaowezesha kinanda cha kampuni moja kuzungumza na mashine ya kampuni nyingine. Waliousukuma, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland, hawakuudai malipo kwa kila chombo. Mshindani yeyote aliruhusiwa kuutumia. Matokeo yake mnunuzi hakulazimika tena kufungwa na kampuni moja. Aliweza kununua kimoja leo na kingine mwakani, na vyote vikafanya kazi pamoja. Kompyuta ya Atari ST ilipotoka mwaka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI tayari, studio ya nyumbani ikapata meneja wake. Kuanzia hapo, kujenga kwa awamu hakukuwa tena dalili ya umaskini. Kulikuwa njia ya kawaida ya kufanya kazi, na hadi leo ndivyo ilivyo.

MFANO WA NYUMBANI

Tukija kwetu, mfano ulio wazi ni singeli. Muziki huu ulikulia mitaani Dar es Salaam, katika maeneo kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ulianzia katika sherehe za mitaani, ambako vipande vya ala za taarabu viliongezwa kasi. Leo mapigo yake hufika 200 kwa dakika na kuzidi. Chombo chake kikuu ni kompyuta.

Studio ya Sisso ya Mburahati si jumba la vioo. Hata hivyo mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za hapo, "Sounds of Sisso", na singeli ikapata wasikilizaji na majukwaa Ulaya. Mwaka 2019 mtayarishaji Jay Mitta wa studio hiyo alitoa albamu aliyoipa jina la "Tatizo Pesa". Jina hilo lingefaa kuwa kichwa cha habari katika ukurasa huu. Kilichovuka mipaka kutoka Mburahati hakikuwa bei ya kompyuta. Kompyuta kama hizo zipo katika kila ofisi ya kuchapa barua. Kilichovuka ni kazi yenyewe.

HESABU YA MKOPO

Sasa tuweke tarakimu mezani. Hizi ni za mfano tu, na msomaji aweke zake kulingana na mtaa wake. Tuseme studio changa inatoza shilingi 30,000 kwa wimbo, na inapata nyimbo 8 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 240,000. Ukitoa umeme, intaneti na gharama ndogondogo za shilingi 60,000, zinabaki 180,000.

Kijana wa kwanza anakopa shilingi milioni 6 anunue kila kitu siku moja. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka juu ya mkopo wote, na muda wa kulipa ni miaka miwili. Riba peke yake ni shilingi 2,160,000. Jumla ya deni ni 8,160,000, sawa na shilingi 340,000 kila mwezi. Studio inaingiza 180,000. Kila mwezi unapokwisha anadaiwa 160,000 ambazo hazina pa kutoka, naye hajala. Mwezi wa nne ataanza kuuza spika. Kilichokuwa kinaitwa mtaji kitakuwa kimegeuka kuwa mnada.

Kijana wa pili anaanza na shilingi 1,200,000 zake au za familia, zisizo na riba. Kati ya hizo 800,000 ni kompyuta iliyotumika. Kwa mapato yaleyale ya 180,000 anajilipa 80,000, anaweka 25,000 kwa ajili ya kompyuta ijayo, na 75,000 anazitenga kukuza studio. Kwa mwaka ametenga shilingi 900,000 za kununulia vyombo, na hadaiwi na mtu. Ikitokea miezi miwili mibaya, kama mwezi wa Ramadhani ambapo kazi za muziki wa dansi hupungua, atasimama na kusubiri.

Hizo 25,000 hazikutoka hewani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaziweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Kompyuta ya shilingi 800,000 hupoteza 300,000 mwaka wa kwanza, ikabaki 500,000. Mwaka wa pili hupoteza 187,500, ikabaki 312,500. Serikali yenyewe inakiri kwamba chombo hiki kinayeyuka haraka kuliko meza au kabati. Mwenye studio asiyetenga fedha za uchakavu anakula kompyuta yake polepole akidhani anakula faida.

KINUNULIWE NINI KWANZA

Utaratibu wa kununua ndio unaotenganisha studio inayokua na stoo ya vyombo. Kwanza ni kompyuta yenye nguvu ya kutosha, hedifoni nzuri na programu halali. Programu siyo tena kikwazo. FL Studio ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, humpa aliyelipa mara moja matoleo mapya ya baadaye bila malipo mengine. Reaper ina leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi na biashara ndogo. Anayetumia nakala ya wizi kisha akalalamika kwamba nyimbo zake zinaibiwa hana pa kusimamia.

Pili ni umeme na nakala za akiba. Kila kazi ikae mahali pawili: ndani ya kompyuta na kwenye diski ya nje inayohifadhiwa nyumba nyingine. Betri ya dharura ya kompyuta ni ya lazima kama kufuli la duka. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, hasara si umeme, ni kazi ya mteja.

Tatu ni chumba, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sauti ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina urefu wa karibu mita 7. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakina nafasi ya kuituliza. Inagonga ukuta na kurudi, hivyo besi inazidi pembeni na kupotea katikati. Mtayarishaji anayeketi mahali besi imepotea ataiongeza, na wimbo ukifika kwenye sherehe unakuwa mvumo mtupu. Kijana husema spika ni mbovu, akanunua kubwa zaidi, na tatizo likaongezeka. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazisaidii besi hata kidogo. Kinachosaidia ni vitu vizito na vinene: magodoro yaliyosimamishwa kwenye kona, marobota ya nguo kuukuu, mapazia mazito, na spika kusogezwa mbali na kona za chumba. Haya hayauzwi kwa bei ya dola.

Nne ndipo zije spika za studio, kinanda kidogo cha MIDI, kipaza sauti na kadi ya sauti ya nje, kimoja kimoja, kadiri kazi zinavyodai. Hata hapa si lazima kulenga kilele. Spika za Yamaha NS-10 zilipoanza kuuzwa mwaka 1978 zilikusudiwa kwa matumizi ya nyumbani, lakini baadaye zikawa spika za kazi katika studio kubwa nyingi duniani. Watayarishaji walijua kwamba wimbo ukisikika vizuri humo utasikika vizuri popote. Kwetu kipimo cha mwisho kipo barabarani. Wimbo upigwe kwenye simu, kwenye bajaji na kwenye spika za sherehe kabla mteja hajakabidhiwa.

Kanuni ninayoipendekeza ni moja: chombo kipya kinunuliwe pale tu kinapokuwa kimekwisha kukosesha kazi inayojulikana. Kama wateja watatu wamekwenda kwingine kwa sababu huna kipaza sauti kizuri, nunua kipaza sauti. Kama hujampoteza mteja yeyote kwa kukosa sinthesaiza, usinunue sinthesaiza. Wapo watakaosema mteja hula kwa macho, na kwamba studio yenye taa nyingi huvutia. Ni kweli atavutiwa mara ya kwanza. Atarudi mara ya pili kwa sababu wimbo wake ulipigwa.

KARATASI NDIYO MALI

Turudi Chicago, maana habari ile ina sehemu ya pili ambayo wengi hawaisimulii. Larry Heard alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa house, akifanya kazi kwa mashine chache za nyumbani. Wimbo wake wa "Can You Feel It" wa mwaka 1986 umeendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka 30. Lakini mwaka 2020 yeye na mwimbaji Robert Owens walifungua kesi dhidi ya lebo ya Trax Records wakidai hawakulipwa mirabaha yao. Mwaka 2022 shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano, na haki za nyimbo zao zikarudi mikononi mwao.

Msomaji alitazame jambo hili kwa jicho la biashara. Mashine alizotumia Heard zingeweza kununuliwa na mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyekwenda mahakamani kwa ajili ya kinanda. Walichogombania miaka zaidi ya 30 baadaye ni umiliki wa kazi. Hapo ndipo thamani ilipokuwa tangu siku ya kwanza.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoshughulikia masuala hayo. Hata hivyo studio nyingi za nyumbani hufanya kazi kwa maneno ya mdomo. Mtayarishaji hutengeneza mdundo, msanii huimba, fedha ya soda hubadilishana mikono, na kila mmoja huondoka akiamini wimbo ni wake. Wimbo usipopata soko hakuna ugomvi. Ukipata, undugu unakwisha.

Dawa yake ni karatasi moja kwa kila wimbo, ijazwe kabla ya kurekodi. Iwe na tarehe, jina la wimbo, nani ametengeneza mdundo, nani ameandika mashairi, nani ameimba, kila mmoja ana asilimia ngapi, na malipo yaliyofanyika ni ya huduma ya kurekodi au ni ya kununua mdundo moja kwa moja. Wote watie saini na kila mmoja abaki na nakala. Iwapo kuna kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa zamani, kiandikwe pia, na ruhusa itafutwe. Mtindo uliozaliwa kwa kuongeza kasi ya taarabu za watu hauwezi kulidharau jambo hili. Mwenye taarabu naye ana mali yake.

Sisemi kwamba kila wimbo utalipa. Nyingi hazitalipa, na atakayekuahidi vinginevyo anakuuzia ndoto. Lakini linganisha hatari zenyewe. Mashine ina hasara ya hakika, kwa asilimia inayojulikana. Haki ya wimbo gharama yake ni karatasi na kalamu, na faida yake haijulikani mwisho wake. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo akielezwa masharti hayo atajua aegemee wapi.

KWA MWENYE MTAJI

Basi wewe unayeombwa fedha ufanye nini? Kwanza usicheke, na usitoe zote. Mwombe kijana akuonyeshe daftari la miezi mitatu: kazi ngapi, nani alilipa, nani anadaiwa. Asipokuwa na daftari, mpe daftari kabla ya kumpa fedha.

Pili, gawa mtaji katika awamu tatu. Awamu ya kwanza ni kompyuta, hedifoni na programu. Ya pili, baada ya miezi sita ya hesabu zinazosomeka, ni umeme wa akiba na kurekebisha chumba. Ya tatu ni spika na kipaza sauti. Kila awamu ifunguliwe na mapato, si na maneno matamu.

Tatu, usidai nyimbo zake kuwa zako kwa sababu ulinunua kompyuta. Huo ndio mtego uleule uliowapeleka wenzetu mahakamani. Dai fedha yako irudi pamoja na sehemu ya faida iliyokubaliwa kwa maandishi, kwa muda maalumu, kisha mkono wa kheri. Mtayarishaji aliyenyang'anywa kazi zake hana sababu ya kutengeneza nyingine nzuri, na hapo mwekezaji naye amekwisha.

Nne, usiruhusu nyumba au kiwanja kiwekwe rehani kwa ajili ya vyombo. Nyumba ni mali inayodumu. Kuiweka dhamana ili ununue kitu kinachopoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake mwaka wa kwanza ni biashara ambayo hata benki isingeifanya kwa fedha zake.

Kwa kijana mwenyewe neno langu ni fupi. Usione aibu ya chumba kidogo. Anza na ulichonacho, andika kila shilingi, andikisha kila wimbo, na acha studio inunue studio. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kisiwe cha mkopeshaji.